Nilivyokisifu Kimya cha Wimbo wa Saba

Kabla mtu mwingine hajawasimulia akitia chumvi yake, wacha niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule jamaa wa Umoja aliyesimama na maiki pale Burma, soko la nyama la Nairobi, mbele ya watu waliokuja kula nyama na kusikiliza albamu, akamwamuru mzee wa watu anyamaze wakati mzee wa watu alikuwa amefunga mdomo wake kabisa. Nimeshacheka pamoja na waliocheka, kwa sababu nikikaa kimya mambo yanakuwa mabaya zaidi (na hilo neno kimya, kama mtakavyoona, sina hamu nalo tena).

Jina langu ni Maina, ila mtandaoni najiita Sikio. Mchana nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, mimi na Atieno, yeye kwenye kompyuta akichapa barua za watu, mimi kwenye mashine nikitoa nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, na katikati ya nakala huwa nasikiliza albamu mpya. Si zile za wasanii wakubwa, hizo zina wenyewe. Mimi napenda wale wanaorekodi chumbani na godoro limeegemezwa ukutani, wale wanaopiga gitaa juu ya mlio wa cherehani, wale ambao redio ikikosea ikacheza wimbo wao mtangazaji anaomba msamaha. Nasikiliza, halafu naandika kwenye ukurasa wangu nilivyojisikia, wimbo kwa wimbo, bila kujifanya profesa. Bila kujifanya, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu. Wasomaji wangu hawakuwa wengi, lakini wengine walikuwa wakinisimamisha barabarani na kuniuliza, "Sikio, wiki hii tuskize nani?" Sasa mtu akishaulizwa hivyo mara tatu kichwa huanza kuvimba, na changu hakikuhitaji kubembelezwa.

Lazima kwanza niwaambie aibu yangu ya mwaka jana, maana ndiyo iliyoizaa hii. Bendi moja ya Kayole ilitoa wimbo wenye kelele ya chaa-chaa-chaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, nami nikaandika kwamba faili imeharibika, tafadhali warekebishe watutumie nyingine. Kumbe ile kelele ndiyo wimbo wenyewe! Walikuwa wamerekodi mama ya mmoja wao akikaanga mandazi alfajiri, na wimbo mzima ulikuwa unahusu hayo mandazi. Wiki nzima watu waliniita fundi wa redio. Nikaapa kwamba katika muziki wa namna hii sitaita tena kitu chochote hitilafu, hata spika ikilipuka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, basi mimi nilikuwa kinyume chake, nikiona nyoka mwenyewe namsifu kwa ubunifu.

Ndipo akaja Nekesa. Nekesa ni wa Shauri Moyo, binti ya fundi wa masanduku ya bati, yale watoto wanayoenda nayo shule ya bweni, na bendi yake haina ngoma: ina bati, nyundo, gitaa na besi. Albamu yake ya kwanza ilikuwa na nyimbo saba na aliiita Kufuli Mbili. Ilikuwa itoke Jumapili jioni, baada ya uzinduzi pale Burma, lakini Ijumaa alitutumia linki watu wachache tu, "wenye masikio," alivyoandika, na hayo maneno mawili niliyasoma mara nne.

Saa ya lanchi nikanunua bando ya intaneti ya saa moja. Saa moja inatosha kupakua nyimbo saba na chenji ibaki, kama wewe ni mtu mwenye adabu. Mimi nilianza kwa kutazama video ya mbuzi aliyepanda juu ya paa la kanisa akakataa kushuka, kisha nyingine ya waumini wakibishana kuhusu huyo mbuzi, kisha nyingine ya mchungaji akimhubiria mbuzi, na nilipomkumbuka Nekesa saa yangu ilikuwa inakata roho. Nikabonyeza, nyimbo zikaanza kushuka moja baada ya nyingine, nikatia earphone yangu sikioni (ni moja tu, ya kulia ilikufa zamani, dunia naisikia kwa upande wa kushoto) nikaanza kusikiliza.

Na haki ya Mungu ilikuwa albamu. Wimbo wa kwanza nyundo inaanza polepole, kama fundi anayepima kabla ya kukata, halafu besi inaingia kutoka chini na nikajikuta nimemtolea mteja nakala kumi na nne za kitambulisho badala ya mbili. Wa pili sikuupenda, sauti imewekwa mbali, kama mtu anakuimbia kutoka kwenye foleni ya maji. Wa nne ni wa msichana anayeenda shule na sanduku lisilo na kitu, linalia ngrr ngrr kichwani mwake, basi analijaza magazeti ili njiani watu wasisikie kwamba halina kitu. Wa sita ni gitaa tupu, nikauchezea mguu chini ya mashine.

Wimbo wa saba, wa mwisho, ulianza na nyundo peke yake. Tk, tk, tk. Nusu dakika hivi. Halafu hakuna kitu.

Nikaitazama simu. Dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabika, wimbo unatembea, sauti hakuna. Wazo langu la kwanza, na ndilo lilikuwa la ukweli, lilikuwa kwamba hii imekatika. Wazo la pili lilikuwa mandazi. Nikaketi wima. Nikasikiliza kwa nguvu zote za lile sikio moja, na taratibu nikaanza kusikia feni ya mashine, vidole vya Atieno kwenye kibodi, mama wa mboga akicheka nje, na ikanijia yote kwa mpigo: fundi ameweka nyundo chini! Kazi imeisha! Nekesa anataka tuusikie ulimwengu baada ya kazi! Mwili ukanisisimka. Machozi yakanilengalenga, sidanganyi, machozi halisi kabisa ya kulilia bando iliyoisha.

Nilipotaka kuandika nikaona mtandao hakuna.

"Atieno, nipatie hotspot dakika mbili, kuna kitu moto hapa."

"Kwani bando yako imeisha saa ngapi?" akauliza bila kuinua macho.

"Imeisha saa hii."

"Saa hii, ama kitambo?"

"Atieno, wacha maswali ya polisi."

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akaketi. Hotspot Atieno alishaniwashia, linki nilikuwa nayo, kazi ilikuwa kubonyeza tena wimbo mmoja, hata dakika haingeisha. Lakini nilitaka kuwa wa kwanza. Wale wengine wenye masikio nao walikuwa wamepata linki, na mimi sikuwa tayari kusoma maneno ya mtu mwingine kuhusu kile kimya kabla yangu.

Nikaandika. Nimeshayafuta lakini nayakumbuka kama sala: "Katika wimbo wa saba Nekesa anafanya jambo ambalo hakuna msanii wa Eastlands amewahi kuthubutu. Ananyamaza. Nyundo inakoma na kwa dakika nne tunaachwa na sisi wenyewe. Ningeambiwa nichague dakika nne tu za albamu hii nibaki nazo maishani, ningechagua hizi, ambazo hakuna mtu anaimba. Nimelia."

Ukurasa ukawaka moto. Mmoja akaandika, "Manze hiyo kimya imenifinya roho." Mwingine akasema amekisikiliza akiwa na mama yake na wote wawili wakalia. Mwingine akasema kimya cha dakika ya tatu ndicho kizito kuliko cha dakika ya pili, nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa kina. (Hawa watu wote hawakuwa na linki. Albamu ilikuwa haijatoka. Walikilia kimya ambacho hata hawakuwa wamekipata kihalali kama mimi.) Ni mmoja tu, mwenye linki, aliyeuliza, "Kimya gani? Kwangu track seven kuna buda, mzee mzima, anaimba." Badala ya kushtuka nilimjibu hivi, na hapa naomba mnihurumie: "Sikiza tena, safari hii kwa moyo." Wafuasi wangu wakamrukia kama siafu, na maskini ya Mungu akafuta maneno yake.

Jumamosi Nekesa mwenyewe akaniandikia. "Niaje Sikio. Hiyo maneno ya track seven, tunataka uiongelee kesho kwa launch. Mzee wangu anataka kukuskia ukieleza na mdomo yako."

Nikamwonyesha Atieno simu. Akasoma, akanitazama. "Na umeuskiza tena huo wimbo?"

"Kimya unakisikiliza mara ya pili kwa nini?"

"Mimi nimeuliza tu," akasema. "Nitakuja kukuona."

Jumapili baada ya kanisa nikafika Burma nimevaa koti nililochagua kwenye mitumba ya Gikomba kwa uangalifu kama bwana harusi. Uzinduzi ulikuwa ghorofani, kwenye moja ya zile hoteli za nyama choma: mapaja yananing'inia nyuma ya kioo, mkata nyama na panga lake kwenye gogo, moshi, ugali, na watu wamejaa hadi ngazini, wengine bado na nguo za kanisa. Atieno alikuwa ameketi karibu na dirisha na sahani ya mbavu. Mbele kabisa alikuwepo mzee mmoja mwenye koti la kahawia lililofungwa vifungo vyote, kofia juu ya goti.

"Sikio, huyu ni babangu," Nekesa akasema. "Mzee Wafula."

Nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama ubao.

"Wewe ndiye wa kuandika?"

"Ndimi, mzee."

"Sawa. Nimekuja nikusikie."

Mimi hiyo nikaichukua kama heshima. Sikuona kwamba hakutabasamu, sikuona Nekesa akiuma midomo, nilichoona ni maiki.

Wakaniita. Nikaanza kuzungumza juu ya nyundo, juu ya jasho, juu ya kazi na mapumziko, na watu wakawa wananiitikia eeh, eeh, na kila nikiitikiwa naongeza kipande. Nikasema kimya ni ala ya muziki. Nikasema mtu yeyote anaweza kuimba, lakini kunyamaza ni kipaji. (Mzee aliinamisha uso akaitazama kofia yake, nami nikadhani nimemgusa.) Nikasema leo tutakisikiliza pamoja, kama vile msanii alivyokusudia, basi naomba kila mtu azime simu, wanaotafuna wameze, na ndugu yangu wa nyama, tafadhali, panga litulie kidogo. Mkata nyama akatii na panga likabaki juu, hewani, mfupa ukimngoja. Hoteli nzima ya Burma ikatulia, jambo ambalo sidhani lile jengo limewahi kuliona tangu lijengwe. Nikawaambia wafumbe macho, na mimi nikafumba yangu, nikamwashiria wa mitambo.

Tk, tk, tk.

Nikainua mkono kama kasisi. Nusu dakika ilipofika nikanong'ona kwenye maiki, "Sasa."

Na hapo hapo sauti ya mwanamume mzee, ya kukwaruza, yenye nguvu, ikapaa: "Sanduku la Nafula, rangi ya kijani, kufuli mbili..."

Unajua kuna wale watu hawakosi kwenye shughuli yoyote, wale waliopitia chupa kidogo baada ya ibada. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Macho yangu yakiwa yamefumbwa vile vile, nikasema, "Shhh!"

"Sanduku la Barasa, rangi ya samawati, kufuli moja..."

"Shhh! Mzee, tafadhali!" Na ilikuwa kwenye maiki, watu wangu, ilipita kwenye spika zote. "Nyamaza kidogo! Heshimu wimbo wa watu!"

Nikafumbua macho nimtafute huyo mlevi. Mbele yangu Mzee Wafula alikuwa ameketi vile vile, mdomo umefungwa, mikono miwili juu ya kofia, ananitazama. Na sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika.

Sijui nani alicheka wa kwanza, nadhani mkata nyama, maana nilisikia panga likianguka juu ya mfupa na kicheko kikafuata. Halafu hoteli nzima ikalipuka. Watu walishikana mabega, mtu akamwaga supu, wa mitambo akaukata wimbo kwa mshtuko na sasa kimya nilichokuwa nikikihubiri kikaja, kifupi, kibaya, kwa sababu Mzee Wafula alikuwa amesimama.

"Nekesa, nilikwambia," akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko angenitukana. "Mimi ni mtu wa bati, si mtu wa kuimba. Hata huyu wa kusoma amesema ninyamaze. Amesema mara mbili sasa. Nitoe kwa hiyo kitu, mwanangu, uwape watu kile wanapenda."

"Baba, ngoja," Nekesa akasema, kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa na maji. "Jirani alimsomea ile post yako Ijumaa. Ati dakika zile poa ni zile hakuna mtu anaimba. Amenisumbua siku mbili nimtoe. Nikamwambia Sikio atakuja aeleze alimaanisha nini. Albamu inaenda leo jioni. Sikio, ulimaanisha nini?"

Mniamini nikisema kwamba katika ile dakika nilisikia kwa masikio yote mawili. Nilielewa ningeweza kumwondoa mzee kwenye wimbo wake mwenyewe, kwenye albamu ya binti yake, kwa sababu ya mbuzi wa juu ya paa.

Na njia ya kutorokea ilikuwepo! Mshereheshaji, kijana mwenye roho nzuri, akachukua maiki nyingine akasema, "Wasee, tulieni, Sikio alikuwa anaongea kimya ya ndani. Kimya ya roho. Ile kimya unaskia mzee akiimba, si ndio, Sikio?" Watu wakasema eeeh, na nikaona vichwa vikianza kutikisika kwa heshima, wakiwemo wale waliolia na mama zao. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ndiyo, kimya cha..." na macho yangu yakakutana na ya Atieno kule dirishani. Alikuwa ameacha mbavu zake. Aliinua simu yake akaitikisa kidogo, ile ile iliyonipa hotspot.

Mzee naye alikuwa anavaa kofia.

"Mzee Wafula," nikasema, "sikukusikia."

Akanigeukia.

"Sikukusikia hata kidogo. Bando yangu iliisha. Wimbo ulishuka nusu ukakwama, nikabaki na nyundo peke yake, na huko kwingine hakukuwa na kitu, nami nikakisifu hicho kitu ambacho hakikuwepo. Hakuna kimya kwenye wimbo wa binti yako. Kimya kilikuwa cha simu yangu."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa hadi wachinjaji wa chini wakapanda ngazi kuuliza kuna nini. Mzee akamwinamia Nekesa. "Bando ni nini?" Akaelezwa. Akafikiri. Kisha akaninyooshea kidole kigumu.

"Kwa hivyo hukunisikia kabisa."

"Kabisa, mzee."

"Na ukaandika."

"Nikaandika."

"Na ukalia? Nilisomewa ati ulilia."

"Nililia, mzee."

Hapo hata yeye alishindwa. Mabega yakaanza kutikisika, akavua kofia akafuta nayo uso, akaketi. "Kijana," akasema, "mimi simpi mwenyewe sanduku kabla sijapanda juu yake nikasimama na viatu. Likibonyea, narudia. Wewe uliuza bila kusimama juu." Kisha akamwambia wa mitambo, "Weka tena, kutoka mwanzo. Na huyu asiketi. Asimame hapo hapo mbele, tumwone akisikia."

Basi nikasimama, koti langu la Gikomba na aibu yangu, watu wote wananitazama uso na hakuna aliyefumba macho. Tk, tk, tk. Na mzee akaingia. Baadaye Nekesa alinieleza kwamba babake hakujaliwa kusoma wala kuandika, na miaka yote hiyo ya kazi oda za wateja ameziweka kichwani kwa kuziimba akigonga bati: sanduku la nani, rangi gani, kufuli ngapi. Anayeitwa Nafula sasa huenda ni bibi mwenye wajukuu, lakini kijani chake bado kipo. Huo ndio wimbo wote, majina na rangi na kufuli, dakika nne, na kila jina nyundo inaligongea mara moja kama mhuri. Karibu na mwisho kuna sanduku moja analitaja bila rangi, "la Nekesa wangu," sauti inakwaruza, nyundo inakosa pigo moja, halafu inaendelea. Nililia tena. Safari hii kulikuwa na sababu, lakini nani angeniamini? Mama mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti, "Huyo hulia hata simu ikizima."

(Nitawaambia na hili pia, maadamu nimeanza: wimbo wote nilikuwa nasubiri huenda akalitaja jina langu, kwa sababu nami nilienda bweni na sanduku la bati. Hakulitaja. Langu lilikuwa la binamu yangu, nililirithi na jina lake likiwa bado limepakwa juu ya kifuniko.)

Albamu ilitoka jioni ile na mzee akiwa ndani. Niliandika upya, nikasema ukweli wote, bando na mbuzi. Yale ya kimya yalikuwa yamesambazwa hadi na watu nisiowajua, ila haya ya ukweli yalipata mioyo kumi na moja, na mmoja ulikuwa wa Atieno, ambaye aliniambia ameutoa kwa huruma. Yule jamaa niliyemwambia asikilize kwa moyo nilimwomba msamaha hadharani, akajibu, "Poa. Nunua earphone."

Nimenunua. Mbili. Na sasa siandiki neno kuhusu wimbo mpaka niufikishe mwisho, kisha niurudie nikiwa na bando mpya, na juzi bendi moja ya Buruburu ilipoweka kituo cha sekunde ishirini katikati ya wimbo niliwapigia simu kabla ya kuandika, nikauliza kwa adabu zote, "Samahani, hiki kimya ni chenu ama ni changu?"

Ila Mzee Wafula hajamalizana nami. Sasa yeye hupanda jukwaani na Nekesa, na koti lake la kahawia, na ule wimbo wa saba wakiupiga mbele ya watu ameuongezea oda moja mpya, mwisho kabisa, baada ya dakika ya nne, mahali usipoweza kufika kama bando imeisha. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa nimesimama nyuma, Shauri Moyo, nimeinamisha kichwa nisionekane. Alinitafuta kwa macho hadi akanipata, akaweka kidole mdomoni, akaninyamazishia ukumbi mzima, "Shhh," kisha akaimba:

"Sanduku la Maina, rangi ya kupendeza, kufuli tano... chini halina kitako."

Tk.